Hafushafti iliyokatika njia ya Nguruman: kisa cha ekseli ya nyuma ya Land Cruiser 60

Gari liliingia gerejini kwangu, Industrial Area, Nairobi, likiwa juu ya lori, Jumanne moja asubuhi. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kwenye chesisi, limelala upande kama mguu wa ng'ombe aliyeteguka nyonga. Ni Land Cruiser HJ60 ya 1986, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, mali ya mzee mmoja wa Lang'ata, daktari wa mifugo mstaafu. Ana shamba la maembe Nguruman, kule ng'ambo ya Ziwa Magadi, na kwa miaka kumi na moja gari hili ndilo lililopeleka mabomba, mbolea na dizeli ya pampu, likarudi na kreti za maembe.

Dereva wake alinisimulia. "Tulikuwa tumeshapita Magadi, mwendo kama arobaini hivi. Hakuna shimo, hakuna jiwe. Nikasikia mlio mmoja tu, kama mtu amepiga dramu tupu kwa nyundo. Kutazama kiooni, naona gurudumu linatoka nje." Gurudumu na dramu ya breki vilitoka kiasi cha upana wa kiganja, tairi likakwama kwenye bodi, gari likajivuta hadi likasimama. Mahali penyewe ni tambarare. Saa mbili kabla, gari hilohilo lilikuwa linateremka kona za Corner Baridi, lori mbele, lori nyuma. Nilipofikiria hilo nilinyamaza kidogo, na Mzee naye akanyamaza.

Mzee alikuja akiwa na jibu lake tayari. "Fundi, hii ni bahati ya kubadilisha kila kitu. Tuweke ekseli kubwa za Land Cruiser 80, na difu-loki nyuma." Difu ni meno yaliyo katikati ya ekseli, yanayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili; difu-loki huyafunga magurudumu hayo yazunguke pamoja. Nilimwomba anipe siku mbili kwanza, nisome chuma kilichokatika.

Hafushafti, yaani fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu hadi gurudumu, ikikatika husema ilikufa kwa ugonjwa gani, ukiipa nafasi. Ikikatwa na nguvu ya injini, yaani umenasa kwenye jiwe, ukakanyaga mafuta kwa gia ya chini, meno ya mwisho wa shafti huonekana yamejisokota kama kamba, na uso wa mkato huwa mbichi wote, chembechembe za kijivu zinazong'aa. Hii haikuwa hivyo. Meno yalikuwa yamenyooka kama siku ya kwanza. Mkato ulikuwa karibu kabisa na beringi ya nje, na theluthi mbili za uso wake zilikuwa nyeusi, laini, zenye mistari myembamba iliyopinda kama mawimbi yanayoachwa ufukweni maji yakipwa. Theluthi moja tu ndiyo iliyong'aa. Maana yake ufa ulianza zamani, ukatembea polepole miezi mingi, na siku ya Nguruman ile theluthi iliyobaki ikashindwa kubeba kazi peke yake.

Nikachomoa shafti ya kulia, ambayo kwa macho haikuwa na kasoro yoyote. Niliisafisha kwa petroli, nikaipaka rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, nikaifuta, nikapuliza ile poda nyeupe. Baada ya dakika kumi ukajitokeza mstari mwekundu wenye urefu wa ukucha wa kidole gumba, mahali palepale. Kwa hiyo si shafti moja mbovu. Ni ekseli nzima iliyopewa kazi isiyoiweza.

Hapa inabidi nieleze tofauti ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuelezwa, ingawa ndiyo inayoamua kila kitu kwenye kisa hiki. Ekseli ya nyuma ya gari hili ni ya aina tunayoiita semi-floti. Hafushafti ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kuzungusha gurudumu na kubeba gari. Gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha shafti, na shafti imeegemea beringi moja mwishoni mwa haozingi, yaani ganda la chuma la ekseli. Kwa ndani, kinachoizuia isichomoke ni klipu ndogo yenye umbo la C iliyo ndani ya difu. Shafti ikikatika karibu na beringi, klipu inabaki imeshika kipande cha ndani, na kipande cha nje kinaondoka na gurudumu lako.

Aina ya pili ni fulu-floti. Humo gurudumu limefungwa kwenye habu, habu inazunguka juu ya beringi mbili za koni, na beringi hizo zimekaa kwenye ncha ya haozingi yenyewe. Uzito wote wa gari unapita kwenye haozingi. Hafushafti inapita katikati, kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Kuitambua hakuhitaji jeki: chuchumaa nyuma ya gari utazame katikati ya rimu. Ukiona kitovu kimetokeza nje, kina flanji na nati zake kuzunguka, hiyo ni fulu-floti. Ukiona katikati ni bapa, hakuna nati zaidi ya zile za gurudumu, ni semi-floti.

Semi-floti si ekseli mbaya, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani gari lake limelaaniwa. Kwa familia ya watu watano na mizigo yao, hudumu miaka mingi. Lakini fikiria kinachotokea kwenye shafti hiyo. Uzito wa gari unaipinda, na kwa kuwa inazunguka, upande uliokuwa unavutwa unabanwa, kisha unavutwa tena, mara moja kwa kila mzunguko. Tairi lake lina mzingo wa karibu mita 2.5, kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko 400. Nairobi hadi Magadi, kilomita kama 110, ni mizunguko 44,000, kwenda tu. Ukiongeza uzito kidogo, chuma kinapindwa zaidi kidogo kila mara, na ufa hauhitaji zaidi ya hapo.

Uzito ulikuwa kiasi gani basi? Nilimwomba dereva aniletee kila kitu kinachopanda gari hilo, tukakipima kimoja kimoja kwa mizani ya mfanyabiashara wa vyuma chakavu aliye jirani. Kreti kumi na mbili za maembe, kilo 25 kila moja, ni kilo 300. Hizo hazikunitisha, maana zinakaa karibu juu ya ekseli. Kilichonitisha ni bampa ya nyuma. Mzee aliitengenezesha kwa chuma kizito, ikabeba gurudumu la akiba na madebe mawili ya dizeli ya lita 20. Bampa kilo 70, gurudumu 35, madebe 42. Jumla 147.

Sasa, kilo 147 zinazoning'inia nyuma ya ekseli haziwi kilo 147. Gari hili lina mita 2.73 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na mzigo ule ulikuwa mita 1.3 nyuma ya ekseli. Ni kama kukaa ncha ya bembea: unaushindilia upande wako na kuunyanyua wa mwenzako. Ukipiga hesabu, ekseli ya nyuma ilibeba kilo 217 kwa sababu ya bampa hiyo, na ya mbele ikanyanyuliwa kilo 70. Ndiyo maana Mzee alikuwa akilalamika kwamba usukani umekuwa mwepesi mno akiwa na mzigo.

Nilipomwonyesha karatasi ya hesabu aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimekuwa nikimpandisha punda magunia mkiani." Nikamwambia, ndiyo, Daktari, ni hivyo hasa.

Baada ya hapo suala la difu-loki lilijieleza lenyewe. Difu ya kawaida, gurudumu moja likining'inia hewani, huzungusha lile la hewani bure, na lililo chini halipati nguvu. Kwa barabara inakera, lakini kwa shafti ni nafuu. Ukiifunga difu, nguvu yote inaweza kupita kwenye shafti moja iliyo chini. Kuongeza hilo juu ya shafti ambayo tayari inapindwa na uzito ni kutafuta mkato mwingine. Sikatai difu-loki. Nilimwambia tuanze na kinachobeba, kinachovuta kitafuata akitaka.

Tulibaki na njia nne. Ya kwanza ilikuwa kununua hafushafti mbili mpya, beringi na sili, na kupunguza mzigo. Hiyo ndiyo ya bei ya chini, na kama Mzee angekuwa mtu wa kwenda Naivasha na wajukuu ningemshauri hiyo bila kusita. Lakini maembe hayatapungua.

Ya pili ni ekseli za 80 alizozitaka yeye. Ni imara, lakini ni pana kuliko za 60 na zilitengenezwa kwa koili. Zingetaka viti vipya vya springi za majani, magurudumu yangetokeza nje ya bodi, na ingebidi ya mbele nayo ibadilishwe ili zilingane. Ya tatu, ekseli ya Land Cruiser 79, niliikataa kwa sababu ya nati: magari ya 70 yaliyotoka kuanzia 1999 yana stadi (boliti za kufungia gurudumu) tano zenye mpangilio wa milimita 150, na gari hili lina sita za milimita 139.7. Angelazimika kubeba magurudumu ya akiba mawili ya aina tofauti njia nzima ya Magadi.

Ya nne ni ekseli ya pikapu ya Land Cruiser 75, ile iliyotengenezwa 1984 hadi 1999. Fulu-floti, springi za majani, stadi sita zilezile, difu ya inchi 9.5 kama ya kwetu. Tena ni gari lililotumika Kenya kwa wingi, likibeba saruji, wagonjwa na watalii, kwa hiyo beringi na sili zake zinapatikana hata Kajiado. Hilo la mwisho kwangu lina uzito kuliko ukubwa wa chuma. Spea inayosubiri meli si spea.

Kuipata nzuri kulichukua wiki tatu. Ya kwanza niliiona Grogan, kwa wauza spea, habu safi, bei nzuri, lakini nilipovuta uzi kutoka ncha moja ya haozingi hadi nyingine, uzi haukukaa sawa. Karibu na bomba la kulia palikuwa na rangi ya buluu iliyofifia, alama ya chuma kilichowahi kupashwa moto. Iliwahi kupinda ikanyooshwa. Niliiacha. Ya pili ilikuwa Kariobangi Light Industries, imetoka kwenye pikapu iliyogongwa mbele. Uzi ulikaa sawa. Muuzaji akaapa: "Inaingia tu, fundi, hakuna kukata."

Kabla sijalipa nilihesabu meno bila kuifungua. Mtu yeyote anaweza kufanya hivi. Unashika dramu ya upande mmoja isizunguke, unachora alama ya chaki kwenye flanji ya pinioni, yaani gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela (shafti ndefu itokayo giaboksi), kisha unazungusha dramu ya upande wa pili mara 20 ukihesabu pinioni inazunguka mara ngapi. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, kraunwili, gia kubwa ya difu, inazunguka mara 10 tu. Pinioni ilizunguka mara 41 na kidogo. Hiyo ni 4.11, meno 37 kwa 9. Asubuhi yake nilikuwa nimefanya vivyo hivyo kwenye difu ya mbele ya gari la Mzee, gurudumu moja chini na jingine kwenye jeki, giaboksi ikiwa nyutro. Nilipata 37 kamili. Hiyo ni 3.70, meno 37 kwa 10.

Jino moja tu la tofauti, na hapo ndipo magari mengi huharibiwa. Ukifunga ekseli hiyo nyuma na kuacha ya mbele kama ilivyo, gari litatembea vizuri kabisa kwa magurudumu mawili. Siku utakayoingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawa, lakini magurudumu ya mbele yanataka kwenda asilimia 11 haraka kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga wa Magadi tairi zitateleza na hutajua. Kwenye lami au mwamba haziwezi kuteleza, kwa hiyo propela, giaboksi na difu zinakazana mpaka kimoja kiachie. Nimewahi kupokea gari la namna hiyo, giaboksi ya fowili imepasuka, na mwenyewe hajui kwamba aliyemfungia ekseli miaka miwili nyuma hakuhesabu.

Tulinunua ekseli, na juu yake difu nyingine ya 37 kwa 9 kwa ajili ya mbele. Gari hili lina bahati kwamba difu zake za mbele na nyuma ni saizi moja. Nilichagua 4.11 kote badala ya kurudisha 3.70 kwa sababu ya injini. Kwa kilomita 80 kwa saa, gia ya tano, injini sasa inazunguka karibu mara 1,850 kwa dakika badala ya 1,670, na hapo inavuta mzigo bila kulalamika. Gharama yake ni kwamba saa ya mwendo, ambayo husomwa kutoka giaboksi ya fowili, inasoma zaidi ya ukweli: ikionyesha 100, gari liko 90. Nilibandika karatasi kwenye dashibodi ili dereva asipige hesabu ya mafuta kwa kilomita zisizokuwapo.

Maneno ya muuzaji kwamba hakuna kukata hayakuwa kweli. Ekseli ilikuwa fupi kidogo kuliko ya 60, na viti vya springi havikukaa penye springi zetu. Tulivikata vyote viwili, tukavichoma upya. Haozingi haichomwi kwa mkono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Unachoma kipande kifupi upande huu, unahamia ule, unaacha ipoe yenyewe bila maji, na kila mara unarudisha uzi kuona kama bomba limevutwa na moto.

Kosa langu lilikuwa hapa. Nilipima pembe ya pinioni gari likiwa juu ya stendi, springi zikining'inia tupu. Tulipoliteremsha, springi zikakaa, pinioni ikageuka juu kiasi. Kwenye Southern Bypass, mwendo ukifika 70, sakafu ilitetemeka. Propela inataka flanji ya giaboksi na flanji ya difu ziwe sambamba gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na kwa gari la Mzee uzito wake maana yake ni na kreti ndani. Nililipakia mifuko ya mchanga ya kilo 300, nikapima upya, nikaweka kabari za chuma za digrii mbili kati ya springi na viti, na yuboliti mpya. Mtetemo ukaisha. Siku mbili za kazi hazikulipiwa na yeyote, na hazikustahili kulipiwa.

Breki nazo zilitaka umakini. Hendibreki ya ekseli hii ina vyuma viwili vidogo vinavyogeuza kebo, na vyote vilikuwa vimeshikana kwa kutu. Tulivitoa, tukavisugua, tukatia grisi. Halafu kuna ile vali ya breki inayopima mzigo, yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli. Kishikio chake hakikuwapo kwenye ekseli ya 75. Mafundi wengi huifunga fimbo kwa waya popote inapofika. Vali hiyo inaamua magurudumu ya nyuma yapate breki kiasi gani, kwa hiyo tulihamisha kishikio cha zamani na kukiweka kwa kimo kilekile tulichokipima kabla ya kukata. Bomba la kupumulia la difu tulilipandisha hadi juu ya chesisi. Difu yenye joto ikiingia majini inavuta hewa, na bomba likiwa chini inavuta maji, ukaja kuona oili imekuwa kama chai ya maziwa.

Beringi za habu nilizikaza mwenyewe, kwa soketi yake. Nawasihi mafundi wenzangu waache patasi na nyundo kwenye nati hizo. Ukaze huku habu inazunguka ili roli zikae, ulegeze, ukaze tena kwa kipimo, ukunje washa ya kufungia. Baada ya kilomita 500 ufungue uangalie.

Bampa ya nyuma ilitoka. Mzee aliiuza. Gurudumu la akiba lilirudi chini ya sakafu lilikowekwa na kiwanda, na dizeli sasa iko dramu moja ndani, nyuma tu ya viti, imefungwa kwa mikanda.

Safari ya kwanza nilikwenda nao. Kiserian, Corner Baridi, Olorgesailie, tulisimama kila baada ya kilomita thelathini nikaweka kiganja kwenye kila habu. Joto la kawaida, sawa kushoto na kulia. Tulipofika pale gurudumu lilipotoka, dereva alisimamisha gari bila kuambiwa, na Mzee akasema, "Sasa nionyeshe ulichoniahidi."

Nilimpa dereva spana. Alifungua nati za flanji ya kushoto, akagonga kandokando mpaka washa za koni zikaruka, akachomoa hafushafti nzima mikononi mwake kama mtu anayechomoa mwiko chunguni. Gurudumu lilibaki limesimama na gari juu yake. Tulifunika tundu kwa bati tulilokata kabla ili vumbi lisiingie wala oili isitoke, akafunga habu za mbele ili magurudumu yake yashikwe na shafti, akaingiza fowili, gari likaondoka kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Alikwenda kilomita moja, akarudi, akairudisha shafti, gasketi mpya, nati zote. Kazi nzima, dakika ishirini na mbili, jua la saa nane.

Hafushafti ya akiba, ya kushoto na ya kulia, ziko sasa chini ya kiti cha nyuma, zimevikwa tyubu ya baiskeli kukinga meno. Kando yake kuna kopo la gasketi, washa za koni, lile bati la kufunikia tundu, na sumaku iliyofungwa kwenye waya mrefu ya kutolea kipande cha ndani shafti ikikatika.